Mkono wa Galgalo

Gari lilisimama lenyewe kwenye mawe mawili meusi, katikati ya jangwa la Chalbi, mahali pasipo na mti wala kisima wala sababu.

Mwakio alikanyaga, gari halikuitika. Akakanyaga tena kwa nguvu. Usukani ulitulia viganjani mwake kwa adabu ya mtu anayesema subiri kidogo, na kando yake Qabale, mkewe, alikuwa ameshafungua mlango. Aliteremka, akasogea mbali na mawe, akayapa mgongo, akasimama akiutazama Mlima Kulal uliokuwa umekaa upande wa kushoto kama kivuli. Upepo ulichezea mtandio wake. Baada ya kitambo akarudi, akaketi, akafunga mlango, na mlango ulipofungwa tu gari likang'oka.

"Hapa pana nini?" Mwakio aliuliza.

"Hapana kitu."

"Gari haliwezi kusimama kwa kitu kisichokuwepo."

"Ni mazoea yake tu," alisema Qabale, akageukia dirisha.

Mazoea yake. Mwakio hakuhitaji kuuliza ya nani. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Waliosema hivyo hawakuwahi kuoa mjane mwenye gari.

Galgalo, mume wa kwanza wa Qabale, alikuwa amekufa kwa maradhi ya ini, kitandani, mbali na jangwa lake. Lakini mkono wake ulibaki. Ulikuwa ndani ya kisanduku kidogo chini ya usukani, chenye taa moja ya kijani na vitufe viwili. Tangu Kofi la Jua, ile dhoruba iliyounguza setilaiti zote angani, magari yaliyokuwa yakijiendesha yenyewe yalipotea njia hata kwenda sokoni, na huku kaskazini kusiko na lami yaligeuka vibanda vya mbuzi. Ndipo mafundi walipobuni mkono. Kisanduku kilikaa chini ya usukani kikijifunza dereva wake: anaposhika kwa woga, anapolegeza, anavyoukwepa udongo wa chumvi uliokauka juu tu. Miaka ikipita, gari lilijua kuendesha kama yeye. Mkono haukuwa na sauti wala sura. Haukujua hata jina lake. Ulijua tu ardhi, na ulijua ulivyozoea.

Bila mkono uliokomaa, hakuna gari lililoruhusiwa kuingia Chalbi. Pale kizuizini Maikona, askari hakuomba leseni ya Mwakio, mtu aliyeendesha malori kati ya Voi na Taveta tangu ana nywele nyingi kichwani. Aliinama dirishani, akaiona taa ya kijani, uso ukamchangamka.

"Ah, Galgalo! Pita, ndugu yangu, pita."

Na yule aliyekuwa akipumua nyuma ya usukani hakupewa hata salamu.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Mwakio, na hilo ndilo lililomuuma. Walikuwa wameoana mwaka uliopita na hakumpeleka mkewe popote, kwa sababu mitambo ya upepo aliyoajiriwa kuitengeneza haikujua fungate. Sasa alitaka wapige hema kwenye Milima ya Huri, wafuate njia za zamani ambazo magari machache tu yalizipita tangu Kofi. Alitafuta gari la kukodi Marsabit nzima. Hakupata lenye mkono wa Chalbi. "Si tuna letu," Qabale alimwambia. Letu! Neno hilo alilitafuna tangu mjini, na bado lilikuwa chungu.

*

Kalacha walimchukua mama yake Galgalo.

Bibi Tumme alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na walikubaliana kwamba wakirudi kutoka milimani watampeleka Marsabit kwa daktari. Alipolisikia gari alitoka na kifurushi chake tayari.

"Nawasubiri mrudi kwa nini? Mwanangu apite mlangoni kwangu, mimi nibaki napika chai? Tunaenda wote Huri."

"Mama, tunalala kwenye hema," Mwakio alisema. "Baridi ni kali."

"Mtaita, mimi nimezaliwa kwenye baridi hiyo. Wewe umebeba blanketi?"

Alikataa mkono wa Mwakio wa kumsaidia kupanda. Alilipapasa gari mwenyewe, boneti, kioo cha pembeni, mlango, akiita kila kitu kwa kilugha chake cha kubembeleza, kisha akaketi nyuma ya dereva. Gari lilipoanza kutembea, alinyoosha mkono akagonga mgongo wa kiti cha mbele. Mara mbili. Gari likashika breki kidogo, likaachia, likashika tena, likaachia.

"Amenisalimia," alisema, akajiegemeza, ameridhika.

Hivyo ndivyo mwanawe alivyomwitikia alipokuwa hai, na kisanduku kilijifunza hata hilo. Kila gari lilipong'oka Bibi Tumme aligonga, na gari likaitika. Mwakio alizisikia zile gonga mbili uti wa mgongo wote. Mgongo ulikuwa wake, salamu hazikuwa zake.

Njia ya Huri ilimwonyesha yote aliyokuwa hataki kuyaona. Kwenye makorongo ya mawe ya volkano usukani ulimsukuma vidole gumba kabla hajaliona shimo. Mara moja aliona mchanga mzuri, mpana, ulionyooka, na mkono ukataka kuzunguka kupitia mawe. Mwakio akakaza. Mkono ukavuta. Akakaza zaidi, akashinda, na gari likazama hadi nusu ya tairi.

"Mtaita," ilisema sauti nyuma yake, "mwache afanye kazi."

Aliachia. Usukani ulizunguka wenyewe, tairi zikatikiswa kidogo kidogo mbele na nyuma kwa uvumilivu usio wake, na gari likatoka. Qabale alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, lakini Mwakio hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu amuoe, na aliyemchekesha hakuwa yeye.

Walipofika juu, penye nyasi na ukungu, gari lilijiegesha pua ikitazama mashariki. Qabale alitundika birika kwenye kioo cha pembeni cha kulia bila hata kukitazama, kwa mazoea ya safari za zamani. Hema alilolichagua Mwakio kwa bidii zote lilipigwa pale gari lilipotaka lipigwe. Alisema hataki chai. Kisha akainywa, kwa sababu baridi haijui hasira ya mtu.

Kesho yake walitoka kutalii nyanda za juu, na Qabale akaomba usukani. Ardhi ilikuwa tambarare. Mwakio aliketi kando akifurahia twiga wawili waliokuwa mbali, hata alipogeuka kumwonyesha mkewe akakuta amefumba macho.

Alikuwa anaendesha amefumba macho. Viganja vyake vimelala juu ya usukani bila kushika, usukani unacheza chini yake kulia na kushoto, na midomo yake inasogea kidogo kama mtu anayefuatisha wimbo. Twiga walipita. Alijisikia amefungua mlango wa chumba chake mwenyewe akakuta anapaswa kuomba radhi.

*

Asubuhi ya kuondoka, Qabale alimshika Bibi Tumme mkono wakaenda kwenye kambi ya wafugaji iliyokuwa bondeni kutafuta maziwa ya ngamia. Mwakio alibaki na gari.

Fundi mmoja wa Marsabit alikuwa amemwonyesha, kwa mzaha wa wanaume: shika vitufe vyote viwili, usiachie hadi taa iwe nyeupe. "Lakini ukimfuta kabla ya kumnakili mahali," fundi alisema. "Hakuna kumrudisha."

Mwakio aliketi akainama chini ya usukani. Mtu aliyekufa hauawi, alijiambia. Hiki ni kisanduku. Njia ya kurudi nimeipita nikija, naijua. Kuna mume gani duniani anayelala na mkewe kwenye hema huku mume mwingine amesimama nje?

Halafu akamkumbuka Bibi Tumme na gonga zake mbili. Hapo vidole vyake vililegea. Yule mama hakuwa na mtoto mwingine. Hakuwa na picha atakayoiona, wala sauti iliyohifadhiwa. Alikuwa na breki mbili tu, na kila mara alizipokea kama mtu aliyepewa maji. Mwakio alilijua hilo wazi, hakuna atakayesema hakulijua. Alikaa nalo muda mrefu. Angeweza kutoka garini akaenda kuvunja kuni.

Ndipo akainua macho akaliona birika kwenye kioo cha kulia. Akabonyeza.

Taa ikawa njano, ikapepesa, ikawa nyeupe. Usukani uliachia pumzi ndogo na kuwa mwepesi, chuma na ngozi tu. Mwakio aliushika. Kwa mara ya kwanza gari lilikuwa lake, na alishangaa jinsi moyo wake ulivyokuwa haufurahi.

*

Walipanda. Gari likang'oka. Bibi Tumme akagonga kiti, mara mbili.

Hakuna kilichojibu.

"Galgalo?" aliita mama.

Qabale aligeuza uso taratibu, akatazama chini ya usukani, akaiona taa nyeupe. Kisha akamtazama mumewe. Mwakio hakuwa amewahi kutazamwa vile na mtu yeyote, hata na adui.

"Galgalo?" Sauti ilikuwa imepungua.

Mguu wa Mwakio ulikwenda kwenye breki. Akakanyaga, akaachia. Akakanyaga, akaachia.

"Ah," alisema Bibi Tumme. "Mbona leo mzito?"

"Ni mawe, Mama," Mwakio alijibu.

Toka hapo akawa mtumwa wa mguu wake. Walisimama kukojoa, wakasimama kufunga mzigo, wakasimama kupisha ngamia, na kila waliponyanyuka tena alisubiri gonga mbili mgongoni na kuziitika kwa niaba ya marehemu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini si kila mchimbaji hulazimika kuimba akiwa ndani.

Jangwani walikuta mvua imenyesha usiku. Chalbi haionyeshi maji. Juu hukauka upesi, hung'aa nyeupe, na chini yake ni uji. Mwakio alichagua mstari ulionyooka kama aliokuja nao. Hawakwenda mbali kabla ya gari kupiga magoti hadi ekseli.

Bibi Tumme alikuwa amesinzia. Wawili hao waliteremka, wakavua viatu, wakaanza kuchimba kwa sepetu na kutandika mikeka chini ya tairi. Qabale ndiye aliyeanza.

"Umemfuta."

"Nimemfuta."

"Mbele ya mama yake."

"Mlikuwa mmekwenda kutafuta maziwa." Alijua lilivyo jibu la kipumbavu hata kabla halijaisha. "Qabale, mimi ni mwanamume. Nilikuona unaendesha umefumba macho. Nilikuona pale kwenye mawe, unashuka kama mtu anayeingia msikitini. Hapo mlifanyia nini? Alikuposea hapo?"

Qabale aliacha kuchimba. Akacheka, na safari hii si kile kicheko cha puani. Alicheka hadi akaketi kwenye tope.

"Alikuwa anamwita mwanamke wake hapo," alisema.

"Nani?"

"Galgalo. Njia nzima kati ya Maikona na Kalacha hakuna mtandao, ila pale kwenye mawe unapata mnara wa Marsabit. Kila safari alisimama pale. Anaenda nyuma ya mawe na simu yake, anaongea polepole, anacheka amefunika mdomo. Mimi niko garini. Miaka yote, Mwakio. Nilisikia siku moja anasema, 'Nakuja, usilale.' Mimi si nipo naye garini, anamwambia nani asilale? Nikajua kuna mtu, Kalacha au North Horr."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Angenidanganya, na mimi ningeamini." Alijifuta uso kwa mkono wenye tope. "Nikawa naangalia njia. Kila anapokata kona nakariri, nikisema siku moja nitaenda mwenyewe hadi kwa huyo mwanamke. Hivyo jana nilipofumba macho nilikuwa najipima kama bado naikumbuka. Wewe ulidhani napapaswa."

"Basi kwa nini hukumfuta wewe?"

"Kwa sababu ya Mama. Na kwa sababu nilitaka aendelee kusimama pale, niendelee kumkasirikia. Ningemfuta, ningemkasirikia nani?" Akainuka, akachukua sepetu. "Umenitua mzigo, na nimekuchukia. Usiniulize lipi ni kubwa."

Mwakio alisikia kitu kikimlegea kifuani, na aibu ikafuata nyuma yake, lakini kilichotangulia kilikuwa furaha. Kwa hiyo Galgalo alikuwa mwongo! Mkono ule wenye uvumilivu, ule uliosalimiwa na askari, ulikuwa mkono wa mhuni. Alichimba kwa nguvu mpya. Alikuwa radhi kuchimba hadi Kulal.

Gari lilipotoka, Qabale alitembea mbele bila viatu akionyesha njia, kulia kwenye udongo wa kijivu, kushoto penye magamba ya chumvi, akisimama na kukumbuka. Kila alikopita palikuwa pagumu. Jangwa zima lilikuwa kichwani mwake, limewekwa humo na wivu, na Mwakio alimfuata polepole nyuma ya usukani usiojua kitu.

*

Ardhi ilipokauka Qabale alipanda garini. Bibi Tumme aliamka, akainusa hewa.

"Mtaita, tumefika kwenye mawe mawili meusi?"

Yalikuwa mbele yao, karibu kabisa. Mwakio alitaka kupita. Alikuwa ameshaamua kupita, apite kwa kasi, amwonyeshe mkewe mahali pale pakibaki nyuma kwenye vumbi.

"Mama umeyajuaje mawe?" Qabale aliuliza. "Wewe hujawahi kupita huku na gari hili."

"Mwanangu aliniambia. Hapo gari lake husimama. Lisiposimama nitajua amechoka na sisi."

Mwakio akakanyaga breki. Gari likasimama kwenye mawe.

"Enhe," alisema mama, akitabasamu gizani mwa macho yake. "Hapa ndipo alipokuwa akinipigia simu. Kila safari, akija kwetu na akirudi kwenu. 'Mama, niko kwenye mawe, Kulal iko kushoto, nakuja, usilale.' Sikulala. Namuuliza, Qabale yuko wapi? Ananiambia, yuko garini, amenuna. Basi tunacheka."

Qabale aligeuka akayatazama mawe.

"Angenipigia kutoka nyumbani, lakini wewe ulisema jina langu lisitajwe ndani ya nyumba yako," Bibi Tumme aliendelea bila kinyongo, akitafuta tumbaku yake kwenye kifurushi. "Sikukulaumu, mwanangu. Na mimi nilikutukana mbele ya watu siku ya harusi, nikasema mgongo wako ni mfupi. Tulikuwa wajinga wawili. Yeye katikati. Alikuwa akifika Kalacha anakuacha kwa shangazi yako, anasema anaenda kuangalia tairi, anakuja kunywa chai kwangu. Nilidhani ulishajua. Hakukwambia?"

Mama akasitisha mkono ndani ya kifurushi, akingoja.

"Alinambia, Mama," alisema Qabale. "Nilisahau."

Kisha akamgeukia Mwakio. "Sogea."

Walibadilishana viti kwa kuzunguka nje, na walipopishana mbele ya boneti hakumtazama. Aliketi nyuma ya usukani. Aliweka viganja vyote viwili juu yake, akafumba macho, akangoja. Mwakio alimwona anavyongoja. Alikaza vidole, akavilegeza, akavisogeza taratibu kwenye ukingo wa ngozi iliyochakaa, akitafuta pale palipokuwa na mvuto, na palipokuwa na mvuto hapakuwa na kitu. Hakuwahi kumtafuta Mwakio hivyo. Hakuwahi kumtafuta Galgalo hivyo pia, alipokuwa bado anapatikana.

Dakika chache nyuma Mwakio alikuwa na mpinzani mwongo, na mpinzani mwongo anavumilika. Sasa mpinzani huyo alikuwa mume mwema, mtoto mwema, aliyefutwa bila hatia, ambaye hatakosea tena kamwe na hatarudi kujitetea. Na vidole vilivyombonyeza vilikuwa vyake, hivi hapa, vimelala magotini vikiwa na tope. Alitaka kusema samahani. Badala yake alitazama kioo cha kulia, pale birika lilipoacha duara la masizi.

Qabale alifungua macho, akaanza kuendesha. Gari likang'oka kutoka kwenye mawe.

Nyuma, Bibi Tumme alinyoosha mkono, akagonga kiti. Mara mbili.

Mwakio aliona mguu wa mkewe ukisita hewani. Kisha ukashuka kwenye breki, taratibu sana, ukaachia. Ukashuka tena, ukaachia. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na mikono yake haikuacha usukani kuyafuta.

Bibi Tumme alivuta pumzi ndefu, akajiegemeza.

"Sasa," alisema. "Huyo ndiye."